Mkristo na Asiyeamini Mungu Ukumbini: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Mjadala Usiogeuka Ugomvi

Mara ya kwanza nilipopewa kiti cha usimamizi katika mjadala wa namna hii, robo saa ya kwanza haikuisha kabla hatujapotea njia. Mkristo alimuuliza mwenzake, "Ukifa leo usiku utaenda wapi?" Asiyeamini, badala ya kujibu, akauliza kwa nini Mungu aliwaua wazaliwa wa kwanza wa Misri. Upande huu ukaitikia "Amina!", upande ule ukapiga makofi, na mpaka tunazima taa za ukumbi hakuna lolote kati ya maswali hayo mawili lililojibiwa. Nilirudi nyumbani nikiwalaumu wazungumzaji. Ilinichukua muda kukubali kwamba kosa lilikuwa langu: sikuwaambia walikuja kufanya nini.

Yafuatayo ni niliyojifunza tangu siku hiyo. Mifano yangu mingi ni ya Kenya, kwa sababu ndiko ninakoishi na ndiko suala hili limefika hadi mahakamani.

Hatua ya kwanza: amueni kama mnashuhudia au mnajadiliana

Hili likikosewa, mengine yote ni bure.

Kushuhudia ni kazi yenye heshima yake. Mtu anasimama, anaeleza alivyokuwa, alivyookoka na alivyo sasa, kisha anamwalika msikilizaji aifuate njia hiyo. Ushuhuda hauombi kupingwa. Mjadala ni kazi nyingine. Ukileta hoja katika mjadala umekubali kwamba yaweza kuvunjwa mbele ya watu, na ikivunjwa hukasiriki. Ugomvi huzaliwa pale mmoja anaposhuhudia huku mwenziwe akijadili: huyu ametoa moyo wake mezani, yule anaupima kwa rula.

Msidhani hili ni tatizo la Wakristo peke yao. Asiyeamini anayekuja na nia ya kumtoa mtu kanisani ni mwinjilisti vilevile, hata kama hana Biblia kwapani.

Kwa hiyo andika katika barua ya mwaliko, kwa maneno yasiyo na kona: huu ni mjadala, hakutakuwa na wito wa kuokoka mwishoni, wala wito wa kuacha dini. Kanisa likitaka wito, ni haki yake. Liuite mkutano wa injili, na asiyeamini aje akijua anakwenda wapi. Nimewahi kuona mtu akialikwa kujadiliana, na dakika za mwisho kinanda kikaanza kupigwa taratibu na watu wakaambiwa wafumbe macho kwa sala ya toba. Yule bwana hakurudi tena, na sioni kwa nini angerudi.

Mkristo anayeona masharti haya yanamfunga mikono asome tena mstari unaopendwa na watetezi wa imani, 1 Petro 3:15. Unasema kuwa tayari "kumjibu kila mtu awaulizaye", na unamalizia "kwa upole na kwa hofu". Hapo aliyeanza ni mwenye kuuliza.

Hatua ya pili: punguza mada mpaka ienee katika jioni moja

"Je, Mungu yupo?" ni mada ya tangazo la ukutani. Ndani yake mna maswali saba au manane, na kila mzungumzaji atachagua lile analolipenda. Chagueni moja: Je, ulimwengu unahitaji chanzo kilicho nje yake? Je, wema na ubaya vinaweza kusimama bila Mungu? Je, mateso ya wasio na hatia ni ushahidi dhidi ya Mungu mwema? Au mada ya uinjilisti wenyewe, ambayo naona watu huikwepa ingawa ndiyo inayowagusa kila asubuhi: Je, ni haki kuhubiri ndani ya matatu, kwa abiria aliyelipa nauli na asiyeweza kushuka?

Mfano mzuri wa kazi hii ulirushwa na redio ya BBC mwaka 1948. Walioketi ni Frederick Copleston, padri Mjesuiti, na Bertrand Russell, mwanafalsafa wa Uingereza asiyeamini. Kabla ya hoja yoyote, Copleston alipendekeza maana ya neno "Mungu": nafsi iliyo kuu, iliyo tofauti na ulimwengu, tena iliyouumba. Akamuuliza mwenzake kama anaikubali maana hiyo, walau kwa mazungumzo yale. Russell akaikubali. Kisha Copleston akataka kujua kama msimamo wa Russell ni kwamba Mungu hayupo au kwamba haiwezekani kujua, na Russell akajibu ni hilo la pili. Baada ya dakika chache tu kila mmoja alijua mwenzake amesimama wapi. Hawakukubaliana. Copleston alishikilia kwamba vitu vyote tuvionavyo vinategemea vingine na lazima pawepo kisichotegemea, Russell akasema ulimwengu upo tu, basi. Lakini msikilizaji aliweza kuonyesha kwa kidole mahali hasa walipoachana.

Hatua ya tatu: safisheni maneno

Kiswahili kina mitego yake hapa, nami huwapa wazungumzaji nusu saa nzima ya kuyapitia maneno siku moja kabla.

Chukua "mkana Mungu". Kukana ni kukataa kitu unachokijua, kama Petro alivyomkana Yesu kabla jogoo hajawika. Ukimwita mtu mkana Mungu umeshahukumu kwamba ndani kabisa anajua Mungu yupo, anajifanya tu. Huenda ndivyo Mkristo anavyoamini, ila hiyo ni hoja, na hoja huletwa kwa zamu yake, haifichwi ndani ya jina la mtu. "Mpagani" nalo limetumika kwa muda mrefu kuwataja wafuasi wa dini za jadi, ambao miungu yao na mizimu yao wanaiamini sana. "Kafiri" lina uzito wake na historia yake. Sema "asiyeamini Mungu". Ni refu kidogo, lakini halitukani wala halibashiri. Na asiyeamini naye aache "walokole" kwa sauti ile ya kubana pua.

Neno gumu kuliko yote ni "imani". Katika Kiswahili linabeba mzigo mkubwa: kukubali kwamba jambo ni kweli, kumtegemea mtu, na hata huruma, kama tusemapo "mwonee imani". Asiyeamini akisema "imani ni kukubali bila ushahidi", Mkristo husikia anatukanwa, kwa kuwa kwake imani ni kumtegemea Mungu anayedhani amemjua kwa miaka. Halafu kuna Waebrania 11:1, "imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo, ni bayana ya mambo yasiyoonekana." Neno "bayana" lenyewe lina maana ya kitu kilicho wazi, kilichothibitika. Kitu kisichoonekana kinakuwaje bayana? Mmoja ataona hapo fumbo tupu, mwingine ataona ndilo hasa jambo lenyewe. Waache wabishane juu ya mstari huo kwa dakika kumi na utakuwa umepata mjadala bora kuliko saa nzima ya "thibitisha!" na "wewe ndiye uthibitishe!"

Jambo jingine kwa wale waliokulia kwenye mihadhara, Tanzania au huku pwani ya Kenya. Katika mhadhara wa Mkristo na Mwislamu, aya ina nguvu kwa sababu pande zote mbili zinaheshimu maandiko, hata zikitofautiana ni yapi. Kwa asiyeamini, aya inathibitisha jambo moja tu: kwamba Wakristo wanaamini hivyo. Bingwa wa mihadhara mwenye aya mia mbili kichwani huja akashangaa mbona hazikati. Mwambie mapema.

Hatua ya nne: sheria na ruhusa

Katiba ya Kenya ya 2010 inaanza kwa kutambua ukuu wa Mwenyezi Mungu, kisha ibara ya 8 inasema hakutakuwa na dini ya taifa, na ibara ya 32 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini na mawazo. Ibara hiyohiyo inakataza kumlazimisha mtu kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Kwa Tanzania, ibara ya 19 inaifanya kazi ya kutangaza dini kuwa huru na hiari ya mtu binafsi.

Kwamba uhuru huo unawahusu pia wasio na dini, haikuwa dhahiri kwa wote. Chama kiitwacho Atheists in Kenya Society kilisajiliwa Februari 2016, na Aprili mwaka huohuo usajili ukasimamishwa kwa hoja ya amani na utulivu. Kilikwenda Mahakama Kuu, kikashinda. Ukikodi ukumbi na mwenyewe akasita akisema "hawa watu hawaruhusiwi", mweleze habari hiyo kwa upole.

Upande wa pili wa shilingi: Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 138, inamhesabia kosa anayetamka au kuandika maneno kwa nia ya makusudi ya kujeruhi hisia za dini za mtu. Tanzania ina kifungu kinachofanana. Kupinga mafundisho si sawa na kujeruhi kwa makusudi, lakini kuchana Biblia jukwaani au kuigiza ushirika mtakatifu kwa mzaha ni kutafuta balaa. Na kama mkutano ni wa hadhara, polisi wapewe taarifa kati ya siku 3 na siku 14 kabla, kama sheria ya utulivu wa umma inavyotaka. Nenda kituoni mwenyewe na barua mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo.

Kidokezo kuhusu takwimu, kwa kuwa lazima mtu atazitaja. Sensa ya Kenya ya 2019 iliandika watu 755,750 katika kundi la wasio na dini na wasioamini Mungu. Kundi hilo ni mchanganyiko. Mzee asiyekwenda kanisani wala msikitini lakini anatambika kwa Mungu wa mababu zake huenda amehesabiwa humo. Asiyeamini asiidai namba yote kuwa ni jeshi lake.

Hatua ya tano: watu, sala na saa

Usimpambanishe askofu mwenye shahada tatu na kijana wa mwaka wa kwanza chuoni, wala profesa wa fizikia na mama wa kikundi cha maombi. Chagua wawili wanaolingana kwa umri na usomi. Umri una uzito wake kwetu: kijana akimbana mzee hadharani, ukumbi utamhukumu kijana hata akiwa na hoja, na mzee atajibu kwa kukumbushia adabu.

Msimamizi asiyeegemea popote sijamwona. Mimi hutaja msimamo wangu mwanzoni, kisha nawaomba watu wanikosoe nikiegemea.

Sala ya ufunguzi ndiyo inayowatesa waandalizi. Mikutano yetu karibu yote hufunguliwa kwa sala, hata ya ushirika wa wakulima, na kuiacha kunaonekana kama kumfukuza Mungu ukumbini. Lakini ukifungua kwa sala, umeshatoa jibu kwa niaba ya wote. Suluhisho langu: wanaotaka kuomba wakutane chumba cha pembeni dakika kumi kabla, waombe kwa moyo wote, kisha ndani ya ukumbi tunaanza na kanuni. Na kanuni ya kwanza inahusu "Bwana asifiwe!" Mzungumzaji akilitamka, nusu ya ukumbi huitikia kwa mazoea tu, na mwenziwe hujikuta anacheza ugenini. Tunaliweka kando kwa jioni moja, pamoja na makofi ya katikati.

Ratiba yangu ni dakika 100. Mbili za kanuni. Kila mmoja anafungua kwa dakika 10. Kisha kinakuja kipande ambacho sikiachi hata muda ukiwa mfinyu: kila mmoja kwa dakika 3 anaisimulia hoja ya mwenzake, mpaka mwenye hoja aseme, "Naam, hicho ndicho nilichosema." Asipokiri, arudie. Mara nyingi hapa ndipo joto hushuka, maana mtu anagundua kwamba alikuwa amejiandaa kupigana na kivuli. Baadaye majibu, dakika 7 kila upande, maswali ya ana kwa ana dakika 10 kila upande, wasikilizaji nusu saa, na kufunga dakika 4 kila mmoja. Katika maswali ya ana kwa ana, anayepiga chenga swali mara mbili ninalisoma tena swali hilo kwa sauti. Silisemi la ziada. Ukumbi unaelewa.

Hatua ya sita: tupa hoja zilizooza

Wape wazungumzaji orodha hii kabla.

Mkristo aache Zaburi 14:1 kama silaha. "Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu" haimhusu mtu aliyeketi kufikiri akafika hitimisho tofauti. Zaburi yenyewe inaendelea kuzungumzia waovu wanaowala watu kama wanavyokula mkate. Aache pia hadithi ya Charles Darwin kutubu kitandani kabla ya kufa. Ilichapishwa Marekani mwaka 1915, miaka 33 baada ya kifo chake, na binti yake Henrietta, aliyekuwapo baba yake akifa, aliikanusha. Ile ya mwanafunzi Einstein kumnyamazisha profesa wake darasani ni ya kubuni pia. Mtu anayetetea ukweli kwa uongo amejishinda mwenyewe. Na "ukiamini na Mungu hayupo hujapoteza kitu" haifiki mbali Mombasa, ambako jirani Mwislamu anaweza kukupa kamari hiyohiyo kwa upande wake. Utaweka dau wapi?

Asiyeamini aache "Yesu hakuwahi kuishi". Wanahistoria wengi wa leo wanaochunguza nyakati za kale, wakiwemo wasioamini, wanakubali aliishi na akasulubiwa, na Tacitus, Mrumi asiyewapenda Wakristo hata kidogo, anataja kuuawa kwake chini ya Pontio Pilato. Wanalobishania ni alikuwa nani. Kisha ile inayopigiwa makofi mengi kuliko zote: "Ukristo ni dini ya Wazungu." Mfalme Ezana wa Aksum, katika Ethiopia ya leo, alikuwa Mkristo katika karne ya 4, wakati sehemu kubwa ya Ulaya Kaskazini bado inaabudu miungu yake ya zamani. Ni kweli kwamba huku kwetu mmisionari Mjerumani Krapf alifika Mombasa 1844, na kwamba misheni na ukoloni mara nyingi viligawana njia moja, na hilo linastahili mjadala wake. Lakini aliyeleta habari si kipimo cha ukweli wake. Hesabu tunazofundishwa shuleni nazo zilitoka mbali.

Kuna moja ambayo pande zote huiangukia. Asiyeamini atataja Shakahola, kaunti ya Kilifi, ambako mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wamwone Yesu. Mkristo atamjibu na Stalin, mtawala wa Kisovieti asiyeamini Mungu aliyeua watu wengi. Hapo wamekwisha kubadilishana maiti, na hakuna aliyesema lolote kuhusu Mungu. Shakahola ni ushahidi mzito ikiwa mada ni serikali isimamie vipi makanisa. Ikiwa mada ni chanzo cha ulimwengu, msimamizi aikatishe mara moja, tena kwa heshima ya waliokufa.

Hatua ya saba: mada ya mateso ina kanuni zake

Mkichagua mateso, fahamuni kwamba ukumbini mna mama aliyezika mtoto. Humjui ni yupi. Maelezo ya Mkristo kuhusu hiari ya mwanadamu huenda yana mantiki, lakini kwa mama yule yanasikika kama risiti. Na asiyeamini akisema "kwa hiyo Mungu wako alimwacha afe" amelitumia kaburi la mtu kupata pointi.

Rafiki zake Ayubu waliketi naye chini siku saba bila kusema neno. Ndiyo kazi bora waliyoifanya, wakaiharibu walipofungua midomo. Mimi huwaomba wazungumzaji waseme mwanzoni kwamba wanajadili swali, hawamfariji wala kumhukumu mtu yeyote, na kwamba anayehitaji kuongea atawakuta pembeni baadaye.

Ushuhuda wa uponyaji nao utakuja tu, hata mkikubaliana vipi. Mtu atainuka aseme, "Mimi nilikuwa na uvimbe, nikaombewa, ukaisha." Asiyeamini asimcheke. Aulize anachotaka kujua kweli: daktari alionaje, palikuwa na dawa pia, na je, mwenye dini nyingine aliyepona baada ya dua yake tumhesabu vipi? Mkristo naye asimlazimishe msimuliaji kuwa kielelezo cha mahakamani.

Hatua ya nane: nje ya ukumbi

Mijadala mingi haina ratiba. Inatokea sebuleni, mlangoni, matangani.

Kwa anayeshuhudia nyumba kwa nyumba, kipimo changu ni kimoja: je, huyu anaweza kuondoka? Mgonjwa kitandani, mwenye njaa kwenye foleni ya msaada wa chakula, mtoto wa darasani, abiria kwenye basi la usiku, hawa hawawezi. Subiri waulize. Kipimo hicho kinamhusu pia mwalimu asiyeamini mwenye wanafunzi arobaini mbele yake. Mlangoni, omba ruhusa kwanza. "Sina nafasi leo" ikisemwa mara mbili ni hapana, na mwenye nyumba asiandikwe kwenye daftari la ufuatiliaji.

Kwa asiyeamini mwenye familia ya waumini, nasema hivi: mezani wakiombea chakula, tulia tu. Kutulia si kukiri. Matangani usijadili lolote, beba viti. Siku ya kumwambia mama kwamba huamini tena, usiichague Krismasi, wala usianze na makosa ya Biblia. Mama hatasikia hoja, atasikia kwamba malezi yake yameshindwa, kwa hiyo anza na yale aliyokufundisha ambayo bado unayashika. Na wewe mama, au baba, kabla hujamwita mchungaji nyumbani kwa ghafla, muulize mwanao tangu lini. Jibu lake litakuonyesha amebeba jambo hilo peke yake kwa muda gani.

Hatua ya tisa: kufunga

Usipige kura ya nani ameshinda. Kura inahesabu nani alileta watu wengi.

Badala yake muulize kila mzungumzaji, kabla ya dakika zake nne za mwisho, ni kitu gani kingeweza kumbadilisha mawazo. Akisema "hakuna", ni sawa, mradi amelisema kwa mdomo wake na ukumbi umesikia. Kisha gawa vikaratasi. Kila msikilizaji aandike hoja moja ya upande asioupenda iliyomsumbua, bila jina. Wengine watarudisha karatasi tupu, wengine watakuandikia mahubiri. Lakini hoja itakayojirudia katika karatasi nyingi, hiyo ndiyo mada ya mkutano ujao, na hutakuwa umeitunga wewe.

Chai itolewe baada ya hapo, si kabla, na wazungumzaji wote wawili wanywe palepale mbele ya watu. Ukumbi nao uukodi kwa saa moja zaidi ya ratiba, maana mazungumzo yenyewe huanza vikombe vikishikwa, na mlinzi mwenye funguo hatakuwa na subira ya kumngoja mtu amalizie hoja yake.